Maji ya Moto kwenye Kaburi la Boaz

Kwa Matiko,
Kupitia Soko la Ogwedhi
9 Februari 1997

Kwa dada yangu Kezia,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama hapo sokoni, omba mtu kiti, uketi, ndipo uendelee kusoma.

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima. Najua kila barua huanza hivyo, lakini hii naomba uirudie. Ni mzima. Ni mimi Boaz, kitinda mimba wa marehemu Oyaro, yule mliyemzika baada ya lori la ng'ombe kuchukuliwa na mto Kuja mwaka wa tisini na moja. Sikuwa kwenye hilo lori. Fahali mmoja aliruka tukiwa bado Ogwedhi, nikashuka kumfukuza, na dereva hakuningoja. Huyo fahali ninaye hadi leo. Amezeeka na ana dharau sana.

Mama hajambo? Macho yake yanaonaje? Wewe bado unauza omena hapo Kosele? Na Baba Mdogo Japheth, bado anaimba besi kanisani na kutafuta makosa ya watu?

Huku niliko panaitwa Kwa Matiko. Ni mbele ya Ogwedhi ukielekea Umasaini. Kuna maduka machache ya mabati, kinu cha kusaga, na hoteli ya mama mmoja anayeitwa Monicah. Ukungu unakaa mpaka saa nne, na mbwa akibweka sauti yake inakuja kama iko chini ya blanketi. Kazi yangu ni kupeleka ng'ombe za watu mnadani. Ni mahali pazuri, ila watu wake wana mambo.

Usishangae kwamba ninaandika Kiswahili. Hapa barua zote husomwa kwa sauti hotelini, zinazokwenda na zinazokuja, na kuna Wajaluo, Wakuria, Wakisii na hata Wamasai. Nikiandika Dholuo, nusu ya hoteli watalalamika.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Kila jioni, saa za kusonga ugali, mwili wangu unashika moto. Unaanzia kwa nyayo, unapanda mpaka kifuani, natoka jasho, halafu unaisha. Zahanati wamenipima malaria mpaka wamechoka na damu yangu. Monicah anasema kuna mtu ananisengenya. Nikamwambia marehemu hasengenywi, husifiwa tu.

Ukijibu, mpe Mochama mnunuzi wa ng'ombe, yule anayepitia Oyugis.

Mdogo wako,
Boaz

*

Kosele
16 Machi 1997

Wewe unayejiita Boaz,

Bwana asifiwe. Kama wewe ni jachien uliyetoka kaburini kusumbua watu, neno hilo limeshakufukuza na barua inaishia hapa. Kama bado unasoma, haya, endelea.

Mochama alinipa bahasha mbele ya watu, na mimi nina karai la omena kichwani. Karai lilianguka. Paka wa Kosele wote wanakushukuru.

Sisi tuko. Mama yuko. Macho yake yameingia ukungu: anaona mwanga, anaona mtu amesimama mlangoni, lakini hamjui mpaka akohoe. Binti yangu Metrine amemaliza darasa la nane. Baba Mdogo ni yuleyule, besi na makosa ya watu. Habari nyingine sitakupa kabla sijajua ninamwandikia nani.

Kwa hiyo jibu hili. Siku ya ubatizo wako kule mtoni, ulifanya nini ambacho mchungaji hakukiona lakini mimi nilikiona?

Na kama kweli ni wewe, ndugu yangu, mbona hukuja nyumbani? Ogwedhi si Ulaya! Tulikutangaza redioni. Tulingoja maiti yako mpaka wazee wakasema basi. Tukazika yago badala yako, Boaz. Tulichuma tunda refu kama mkono wa mtu, tukalivisha shati lako la buluu, tukalilaza ndani ya sanduku, tukalishusha chini kwa nyimbo. Mimi nililia mpaka sauti ikapotea, na haijarudi vizuri hadi leo. Kwaya walinitoa kwa soprano wakaniweka pamoja na wanaume. Halafu wewe unaniandikia habari za fahali!

Mbona hukuja? Nataka jibu la hilo kabla ya jingine lolote.

Mama bado sijamwambia.

Na nyinyi mnaosikiliza hapo hotelini, hamjambo. Hamna kazi za kufanya?

Kezia

*

Kwa Matiko
27 Aprili 1997

Dada Kezia,

Nilikojoa majini. Monicah aliposoma swali lako hotelini ilibidi niseme jibu hapohapo, na sasa hata watoto wa kinu wananiita Yordani.

Wote wanakujibu kwamba hawajambo, na kwamba kazi wanazo ila barua zako ni tamu. Natumai mvua imewafikia na mahindi yameota. Msalimie Metrine. Nilimwacha darasa la pili, ama alikuwa ameingia la tatu? Siku hizi mambo ya nyumbani yananijia kama ndoto ya alasiri, naona ua na jiko lakini sura za watu zinakimbia.

Sikukueleza vizuri huu ni mji gani. Hapa, dada, kila mtu mzima ana kaburi mahali pengine.

Matiko mwenyewe ndiye wa kwanza. Alienda kutafuta ng'ombe zilizoibwa, akakawia sana huko, na aliporudi kwao Ukuriani akakuta watu wamenyoa vichwa kwa msiba wake. Kaka yake akamshika mkono pembeni, akamwambia kwa upole kwamba wageni wametoka mbali na nyama iko kwenye moto, sasa itakuwa aibu, afadhali angoje kidogo. Akaja kungoja hapa. Bado anangoja.

Ombati kwao walizika mgomba. Ndiyo desturi yao, nao walifanya vizuri, hana hasira na mgomba. Kinachomuuma ni kwamba waliuvisha suti yake ya harusi. Kila harusi ikipita barabarani yeye huingia ndani.

Monicah ndiye wa ajabu zaidi. Alikuwa ametoroka mume. Watu wake wakaitwa mahali fulani kutambua maiti iliyovimba, wakalia, wakasema ndiye, wakamchukua. Kwa hiyo kuna mwanamke mgeni amelala kwenye kaburi la Monicah, na msalaba wenye jina la Monicah, na maua. Kila Krismasi Monicah humpakulia sahani yake. Anasema si vizuri mtu alale kwako halafu usimpe chakula.

Na mimi nilikuwa kwenye benchi la hoteli hiyohiyo, nina chai na mandazi, redio inasoma matangazo ya vifo. Nikasikia Kosele. Nikasikia jina la baba, jina lako, halafu langu. Nikarudisha andazi sahanini. Monicah akaniuliza, "Pole, huyo ni jamaa yako?" Nikamwambia ndiyo, ni mtu wa karibu.

Sasa utasema, si ungerudi? Ngoja nikupe habari za Gichana. Yeye alirudi kwao. Aliingia langoni mchana kweupe, wakamrukia kwa furaha, wakachinja. Akala, akalala kwenye kiti baada ya chakula, na hakuamka. Jambo baya ni mazishi yenyewe. Hakuna aliyeweza kulia. Walijaribu, wakakunja nyuso, wakaangaliana, lakini walikuwa wamemlilia yote mara ya kwanza. Alizikwa asubuhi na saa sita watu wako shambani. Matiko anasema ukishaliliwa ukaisha, kwenu hakuna kitu kilichobaki cha kukushika. Unaweza kukaa popote duniani isipokuwa pale.

Umesema ulinililia mpaka ukapoteza sauti. Asante, dada, lakini umeniponza.

Swali lako lile nitalijibu siku nyingine. Hapa watu wanasikiliza.

Boaz

*

Kosele
15 Juni 1997

Boaz, mdogo wangu,

Ni wewe. Nimesoma mambo ya mtoni nikacheka peke yangu kwenye meza ya omena, halafu nikakasirika tena. Wewe ni mtoto mbaya. Nimekukosa sana, na sikujua mtu anaweza kukosa na kukasirika kwa wakati mmoja hivi.

Mahindi yameota, magugu nayo pia. Metrine anasaidia sokoni. Kuku wa mama wamekufa na ule ugonjwa wa shingo, amebaki jogoo mmoja ambaye hana wa kumwamsha.

Nilimwambia mama. Niliogopa, nikamwita Baba Mdogo akae karibu, nikaweka na maji ya kummwagia akizimia. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwambia, "Mama, Boaz yuko hai." Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Sasa ndio unaniambia? Mimi nani alinisikia nikisema amekufa?" Akaendelea na maharagwe yake. Maji nikayanywa mimi.

Ndipo nikamuuliza Baba Mdogo mtu aliyezikwa anarudije nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yake, unajua anavyopenda kuulizwa. Alisema huwezi kupita langoni, maana langoni ulishatolewa. Tutakata ua nyuma ya nyumba ya mama, uingie hapo. Halafu kabla hujaonja chochote, hata maji, uende ukang'oe kwa mikono yako kile kilichozikwa mahali pako. Usisaidiwe na mtu.

Sasa hapo ndipo kuna shida ambayo nilikuwa sitaki kukuandikia. Kaburi lako limeota.

Lile yago lilikuwa bichi, Boaz. Hakuna aliyefikiria. Fundi alitupa sanduku la mbao laini, zikaoza, na mbegu ni mbegu. Leo kuna mti pale umepita paa la jiko. Watoto wa shule wakifika kwenye ua wetu wanakimbia. Baba Mdogo hataki kuusogelea, anasema atauombea akiwa mbali.

Mama peke yake ndiye anayeuendea. Tangu ulipochomoza amekuwa anataka kuuua. Kila jioni maji ya ugali yakichemka, kabla hajatia unga, anachota sufuria moja, anapapasa ukuta mpaka kule, anaumwagia shinani maji yanayotokota. Kila jioni! Hata akiwa na homa. Majirani wanasema anakulisha wewe. Na mti wenyewe unayapenda hayo maji, majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Njoo ung'oe kitu chako. Macho ya mama yanakwisha na siku hizi anapumua kwa shida akitoka kule.

Na bado hujanijibu.

Kezia

*

Malishoni, Kwa Matiko
3 Agosti 1997

Dada,

Hii naiandikia nje kwa ng'ombe. Haitasomwa na mtu, Mochama ameapa.

Saa za ugali. Kuanzia kwa nyayo. Kezia, umesoma ulichoandika? Nimekaa siku nyingi na barua yako mfukoni. Jioni ile niliyoipokea niliketi nyuma ya hoteli nikangoja, na moto ukaja, nikamwona mama akipapasa ukuta. Nilimwona kabisa. Mwambie apunguze, atanichemsha.

Sasa nitakujibu. Nilikuja.

Siku ya mazishi nilikuja. Nilikuwa ninakimbia kuja kuwaambia mnyamaze, mimi niko. Nilifika barabarani juu ya shamba, watu wamejaa, nikavuta kofia. Nikakuona wewe umeshikwa na wanawake wawili. Nikamwona Baba Mdogo analia na pua yake. Hata wale ambao nilikuwa sisemi nao walikuwa wanalia. Nikamtafuta mama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, uso mkavu, anafukuza nzi. Sanduku likashushwa na hakupangusa hata jicho. Akaomba mtu amsogeze kivulini.

Nilisimama pale mpaka wakamaliza. Kila mtu alilia isipokuwa yule mmoja niliyemtaka. Nikajiuliza ninarudi kwa nani. Nikageuka.

Nilikuwa kijana na iliniuma, na bado inauma. Umeuliza sana, basi ndiyo hiyo.

Boaz

*

Kosele
7 Septemba 1997

Boaz,

Salamu baadaye. Metrine ni mzima, jogoo ni mzima, basi.

Mjinga wewe! Mjinga kabisa, na mimi mjinga wa pili, maana ningekuwa nimekuandikia hili mwanzoni, lakini niliona aibu kwa niaba ya mama. Watu walimsema sana kwa kutolia. Walisema moyo wake ni jiwe, wengine wakasema labda alijua kitu juu ya lile lori. Mimi mwenyewe sikumsemesha kwa mwezi mzima.

Juzi nilimsomea barua yako. Yote. Akaniambia hivi, na ninaandika kama alivyosema: "Nilie nini? Waliniletea tunda. Nimezaa mtoto, sikuzaa tunda. Ningelia ningekuwa nimekubali. Wote walikubali, nikaona nikikubali na mimi, huyu mtoto atarudi kwa nani?"

Umesikia? Maneno yako yaleyale, ya barabarani. Mlikuwa mnayasema pamoja, wewe kule juu na yeye kwenye mkeka.

Tangu siku hiyo hajalia msiba wowote. Alipokufa dada yake wa Oyugis aliuma leso. Anasema ana machozi yako, ameyaweka, na hataki yachanganyike na ya watu wengine. Atayatoa siku atakapokushika kwa mkono.

Nikamweleza habari ya moto wako wa jioni. Nilidhani atashtuka, ataacha. Alicheka, Boaz, mpaka akakohoa! Akasema, "Kumbe yanamfika?" Siku hiyo alimwaga sufuria mbili. Akasema uungue mpaka urudi kwenu.

Ua umekatwa nyuma ya nyumba. Mbuzi za jirani ndizo zinazopita hapo kwa sasa. Mama hapumui vizuri. Usingoje mnada, usingoje chochote.

Kezia

*

Kwa Matiko
23 Novemba 1997

Dada yangu Kezia,

Sijui kama barua hii itakufika. Mvua hii mnaiona huko? Hapa hatujaona jua, mnada haujafanyika, barabara ni uji. Barua yako ya Septemba ilinifika juzi, wino umetambaa. Mama mwambie sufuria mbili nilizipata. Wiki zote hizi, watu wakitetemeka kwa baridi hotelini, mimi nilikuwa ninafuka moshi kwenye benchi na kila mtu anataka kuketi karibu yangu.

Halafu Jumanne moto haukuja. Nikasema labda amechelewa. Jumatano haukuja. Leo ni Jumapili na miguu yangu ni baridi tangu asubuhi mpaka asubuhi. Kezia, usinifiche. Yuko?

Nililia hotelini, sikuona haya. Ikabidi nimpe Monicah zile barua zako nilizokuwa nimeficha, akazisoma kwa sauti, nami nikawasimulia niliyokuandikia kule malishoni. Watu wakasogeza mabenchi karibu. Nikawaambia nimeamua kurudi, lakini ninaogopa mambo ya Gichana. Matiko akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Huyo mama hakulia hata kidogo?" Nikamwambia hata kidogo. Akasema, "Basi wewe si wetu. Umekaa kwetu miaka yote bure. Hawajakumaliza."

Ombati akavua koti lake akanivisha. Monicah akafunga chapati na kuniomba nikipita kwao nimsalimie yule mwanamke. Walinisindikiza mpaka mwisho wa maduka, na hakuna aliyepita hapo.

Mochama anazunguka na mizigo kwa njia ya juu, barua atakuletea yeye. Mimi nakata moja kwa moja. Fahali amekataa kubaki.

Boaz

*

Kosele
14 Desemba 1997

Boaz,

Mochama amefika. Wewe hujafika.

Amezunguka kote huko na mizigo, amenipa barua, ameuliza, "Si Boaz yuko?" Nikamwambia hayuko. Kuja imefurika, watu wanasema haijawahi kuwa hivi tangu mwaka ule wa lori. Sijui ninaandika kwa nani wala Mochama atapeleka wapi. Ninaandika kwa sababu mkono ukitulia nitaanza kufikiria.

Mama yuko. Yuko, amekaa hapa mlangoni, ni mzima kuliko mimi! Nilimsomea ulivyoandika, nikamlaumu. Nilikuwa nimedhani aliacha kumwaga maji kwa ajili ya kuni mbichi na mvua. Akasema sivyo. Aliacha makusudi. "Nilimwaga moja hakuja. Nikamwaga mbili hakuja. Nikasema ngoja asikie baridi." Sasa Kuja imejaa na mtoto yuko njiani, nikamwambia mama umemuua kweli safari hii. Akaniambia ninyamaze, anasikiliza.

Anasikiliza kitu gani katika mvua hii, mimi sijui. Baba Mdogo amekuja, amekaa pembeni. Hajatafuta kosa hata moja tangu asubuhi, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Mama anasema mbuzi wamepita kwenye ua. Nimemwambia mbuzi wamefungwa.

Anasema basi mbuzi gani huyo anakohoa.

*

Jumatatu, 15 Desemba

Naimalizia barua hii ingawa uko jikoni unakula. Haiendi kwako tena. Monicah, isome kwa sauti, na Ombati aketi mbele.

Jana Boaz aliingia kwa lile pengo la ua, amelowa, amevaa koti lisilomtosha, nyuma yake fahali mkongwe mwenye dharau. Alivuka Kuja ameshika mkia wa huyo mnyama. Hakutuamkia. Baba Mdogo alimwonyesha kwa kidole tu, akaenda moja kwa moja kwenye mti, akaukumbatia, akavuta. Mimi nilijua hautatoka. Lakini mvua ilikuwa imelainisha udongo wote, na miaka yote hiyo ya maji ya moto, kumbe chini kulikuwa kumeiva. Ulitoka na mizizi, na kwenye mizizi kulikuwa na kipande cha shati la buluu. Akaanguka nao kwenye matope. Akabaki pale amelala chali, anacheka.

Mama akatoka. Alipapasa ukuta kama kila jioni, ila hakuwa na sufuria. Akapiga magoti kwenye matope, akamshika uso, akamshika masikio, akasema, "Huyu si tunda." Halafu akalia.

Watu wa Kwa Matiko, sijasikia kilio kama hicho. Mlima ulisikia. Majirani wakaja mbio kwenye mvua, wanawake wameshika vichwa, wameanza kulia njiani, wanauliza nani amekufa. Nikawaambia hakuna. Wakauliza analiliwa nani sasa. Nikawaambia Boaz. Mzee mmoja akasema kwa hasira, "Boaz gani? Si tulishamzika?" Wengine wakakimbia walipomwona, na karai la mtu bado liko hapa.

Akala samaki na ugali. Akalala kwenye kiti baada ya kula, kichwa upande, mdomo wazi. Nikamkumbuka Gichana. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake nikiangalia kifua chake kinapanda na kushuka, sikuosha vyombo, sikujibu mtu. Mama akaniita. "Kezia, unamlinda nini? Mwache alale. Machozi nimetoa kidogo tu, mengine nimeyaweka." Alasiri Boaz akaamka akauliza kama kuna chai.

Hatarudi huko. Anawasalimu wote mmoja mmoja, na anasema Matiko apewe benchi lake. Njiani alipita kwa yule mwanamke, Monicah. Ametoa majani kwenye kaburi na ameacha chapati moja. Koti la Ombati litarudi na Mochama likikauka.

Mimi nina jambo moja, halafu nifunge, Metrine ananingoja sokoni. Hamjambo, nyinyi mnaosikiliza. Niliwasema vibaya, nisameheni. Lakini nimefikiria usiku kucha. Kila mmoja wenu alihesabu waliolia. Tumeni mtu kwenu aulize, polepole, bila kutaja majina: siku ile, ni nani ambaye hakulia?

Kezia, dada yake Boaz